Mjerumani Aliyekiacha Kiti: Tom Tykwer na Filamu za Kenya

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Bofa, Kilifi

Nimeombwa nizungumze juu ya maisha na kazi ya mwongozaji mmoja wa filamu wa Kijerumani. Nimemchagua Tom Tykwer, na sababu yangu naitoa mapema. Wako Wajerumani wengi waliokuja Afrika Mashariki na kamera zao. Huyu alikuja na jina kubwa na mafundi hodari, kisha kiti cha mwongozaji akawaachia Wakenya. Yeye akakaa pembeni, akafundisha. Kwangu mimi, kazi hiyo ya pembeni inatuhusu kuliko filamu zote alizoziongoza kwa mkono wake.

Uzito wa jambo hilo hauonekani mpaka tuwataje waliomtangulia. Mwaka 1956 alikuja Kenya Leni Riefenstahl, mwanamke yule yule aliyeutukuza utawala wa Hitler kwa filamu ya mkutano wa chama chake. Alitaka kutengeneza filamu juu ya biashara ya watumwa, jambo ambalo pwani hii inalijua kwa uchungu wake. Alipata ajali mbaya ya gari akaumia sana, na filamu yenyewe haikukamilika hata baada ya kupona kwake. Baada yake akaja Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, pamoja na mwanawe Michael. Waliruka juu ya Serengeti kwa ndege ndogo wakihesabu wanyama na kuwapiga filamu. Januari 1959 ndege hiyo ilianguka, Michael akafa, akazikwa kwenye ukingo wa Ngorongoro. Filamu yao ilitoka mwaka huohuo na ikapata Oscar mwaka 1960. Iliwafanya watu wa Ulaya waipende Serengeti, na kwa hilo wanyama wetu walipata watetezi wengi. Lakini mwaka huohuo wa 1959 Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti wakapelekwa Ngorongoro, na katika nchi aliyokuwa akiitetea Grzimek, mchungaji na ng'ombe wake hawakuwa na nafasi.

Miaka arobaini na zaidi baadaye Caroline Link alipiga hapa Kenya filamu ya Nirgendwo in Afrika, iliyotoka mwaka 2001: kisa cha familia ya Kiyahudi iliyowakimbia Wanazi ikaja kuishi shambani katika Kenya ya mkoloni. Ni kazi nzuri, na Oscar iliyopata mwaka 2003 iliistahili. Humo mwigizaji wetu Sidede Onyulo aliigiza mpishi Owuor kwa utulivu na heshima kiasi kwamba, kwa macho yangu, yeye ndiye nguzo ya nyumba ile yote. Hata hivyo hadithi ni ya wageni. Owuor tunamjua kwa jinsi anavyompenda mtoto wao. Nyumba yake mwenyewe na watu wake tunawaona kwa mbali. Kisha mwaka 2005 ikaja Die weiße Massai ya Hermine Huntgeburth, kisa cha mwanamke wa Ulaya anayempenda kijana Msamburu aliyemwona Mombasa. Aliyeigiza Msamburu huyo ni Jacky Ido, mzaliwa wa Burkina Faso. Simlaumu mwigizaji, alifanya kazi yake vizuri. Ninachouliza ni hiki: katika nchi nzima ya Kenya hakupatikana kijana wa kuigiza Msamburu?

Na wapo waliofika karibu zaidi na mlango wetu. Mwaka 2012 Ulrich Seidl, ambaye ni mtu wa Austria lakini filamu zake ni za Kijerumani, alipeleka kwenye shindano la Cannes filamu aliyoipiga kwenye ufuo wa Kenya, juu ya wanawake wazee wa Ulaya wanaokuja huku kutafuta mapenzi kwa vijana wa ufuoni. Jina lake ni Paradies: Liebe. Mwigizaji mkuu wa kiume ni Peter Kazungu, na jina hilo peke yake linatosha kumwambia Mgiriama yeyote kwamba anayetazamwa ni wa nyumbani. Seidl hakusema uongo. Mambo yale yapo, na kila aliyekua karibu na hoteli za ufuoni ameyaona. Lakini jicho la kamera katika filamu ile linakaa na yule mama mgeni: majonzi yake, upweke wake, mwili wake. Kijana tunamwona anapokuja na anapoondoka. Anakwenda wapi jioni, mama yake anamwambia nini akirudi na pesa, deni gani linamsukuma, hayo hatuyaoni kwa jicho lake yeye. Filamu kama hiyo ingeandikwa na kijana wa Bofa, ingekuwa filamu nyingine kabisa.

Sasa tumgeukie Tykwer.

Alizaliwa mwaka 1965 Wuppertal, mji wa viwanda magharibi mwa Ujerumani, unaojulikana kwa treni yake inayoning'inia juu ya mto. Alianza kupiga filamu za Super 8 akiwa mtoto wa miaka 11. Akiwa bado kijana aliomba kazi katika ukumbi wa sinema wa mtaani kwao, ili aweze kuona hata filamu ambazo umri wake haukumruhusu kukatiwa tikiti. Alipomaliza shule aliomba nafasi katika vyuo vya filamu, si kimoja, na vyote vikamkataa. Vijana, nawaomba mlishike hilo. Mtu ambaye baadaye angeongoza moja ya filamu ghali zaidi kuwahi kutengenezwa Ujerumani hakupata hata dawati la mwanafunzi.

Alikwenda Berlin, akawa fundi wa mashine ya kuonyeshea filamu. Mwaka 1987, akiwa na miaka 22, akakabidhiwa kazi ya kupanga ni filamu zipi zionyeshwe katika ukumbi wa Moviemento, mtaa wa Kreuzberg. Hicho ndicho kilichokuwa chuo chake: kiti cha nyuma kabisa gizani, na filamu moja baada ya nyingine. Huko alifahamiana na mwongozaji Rosa von Praunheim, aliyempa ushauri ambao ninaamini uliijenga kazi yake yote. Alimwambia aache kutafuta hadithi mbali, aandike anayoyajua. Alimtaka arekodi ugomvi wake na mpenzi wake, kisha augeuze uwe filamu. Tykwer akafanya hivyo, na filamu fupi iliyotokana na ugomvi huo, Because, ikaonyeshwa katika tamasha la Hof mwaka 1990. Filamu yake ndefu ya kwanza, Die tödliche Maria, ilitoka mwaka 1993. Mwaka uliofuata yeye na wenzake watatu, Stefan Arndt, Dani Levy na Wolfgang Becker, walianzisha kampuni yao ya X Filme Creative Pool ili kazi zao zibaki mikononi mwao.

Kisha ikaja Lola rennt, mwaka 1998. Msichana wa nywele nyekundu ana dakika 20 tu za kupata Mark 100,000, la sivyo mpenzi wake atauawa. Anakimbia. Akishindwa, hadithi inaanza upya, naye anakimbia tena, na tena. Kila mara kijambo kidogo kinabadilika njiani na mwisho nao unabadilika. Filamu yenyewe haifiki saa moja na nusu, na gharama yake ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na filamu za Marekani, lakini ilizunguka dunia nzima. Muziki wake wa kasi Tykwer aliutunga mwenyewe pamoja na Johnny Klimek na Reinhold Heil, kwa sababu yeye ni mwanamuziki pia. Franka Potente, aliyemwigiza Lola, akawa nyota.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 2002 alitengeneza Heaven kutokana na muswada alioshiriki kuuandika Krzysztof Kieślowski wa Poland kabla ya kufariki. Mwaka 2006 ikatoka filamu ya Perfume, kutoka katika riwaya ya Patrick Süskind. Mwaka 2012 yeye na Wachowski wawili wa Marekani walitoa Cloud Atlas, iliyogharimu zaidi ya dola milioni 100. Kuanzia 2017 yeye, Achim von Borries na Henk Handloegten wametuletea Babylon Berlin, tamthilia ya runinga kuhusu Ujerumani ya kabla ya Hitler. Mwaka 2018 alikuwa mwenyekiti wa majaji katika tamasha la Berlin, na Februari 2025 filamu yake Das Licht ndiyo iliyofungua tamasha hilo. Angetosheka na hayo, tungekuwa na mwongozaji mashuhuri wa Kijerumani, na mhadhara huu usingekuwa na sababu ya kufanyika Kilifi.

Kilichomleta Kenya ni mke wake. Marie Steinmann alikuwa akishughulika na elimu ya sanaa kwa watoto wa mitaa ya Nairobi kama Kibera, akishirikiana na shirika la Anno's Africa, na mwaka 2008 likaanzishwa shirika la One Fine Day kwa kazi hiyo. Watoto walifundishwa kucheza dansi, kuchora, kuigiza na kupiga muziki. Kumbukeni mwaka wenyewe ulikuwa upi. Nchi ilikuwa inatoka katika umwagaji damu wa baada ya uchaguzi, na Kibera ilikuwa na majeraha mabichi. Tykwer alipofika huko, jambo rahisi kwake lingekuwa kuandika kisa cha mzungu anayekuja Kibera na kubadilika moyo. Pesa za filamu ya namna hiyo zingepatikana upesi. Hakufanya hivyo.

Muswada wa filamu iliyopigwa huko ulikuwa wa Billy Kahora, mwandishi na mhariri aliyejulikana kwa kazi yake katika jarida la Kwani?. Mwongozaji alikuwa Hawa Essuman, kijana wa Nairobi ambaye hakuwa ameongoza filamu ndefu. Tykwer alikuwa msimamizi, na mafundi wenye uzoefu walikaa ubavuni mwa Wakenya waliokuwa wakijifunza kazi huku wakiifanya. Filamu hiyo, Soul Boy, ilitoka mwaka 2010 na watazamaji wa tamasha la Rotterdam wakaipa tuzo yao. Kisa chake ni cha Abila, mvulana wa miaka 14 anayemkuta baba yake hajiwezi, akidai roho yake imeibwa. Abila anamwendea Nyawawa, pepo ambaye Waluo wanamjua vizuri. Upepo wake ukivuma, watu hupiga masufuria na mabati kumfukuza arudi ziwani. Anapewa majukumu saba na muda mfupi wa kuyatimiza. Anayeijua Lola rennt atatambua zile mbio dhidi ya saa. Hapo mkono wa mwalimu unaonekana. Lakini Nyawawa hakutoka Berlin, wala vichochoro vya Kibera, wala lugha ile inayochanganya Kiswahili na Sheng bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mwalimu alileta mwendo, wanafunzi wakaleta roho, na filamu ikawa yao.

Baada ya hapo ikaanzishwa One Fine Day Films, ikishirikiana na kampuni ya Nairobi iitwayo Ginger Ink, na mtayarishaji Sarika Hemi Lakhani akiwa mmoja wa nguzo zake. DW Akademie ya Ujerumani ikasaidia kuendesha warsha. Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: vijana wa nchi mbalimbali za Afrika waliitwa Nairobi, wakagawanywa katika madarasa ya uongozaji, uandishi wa muswada, upigaji picha, sauti, uhariri na upambaji wa mandhari. Waliosomesha walikuwa watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku, Tykwer akiwa mmoja wao. Halafu filamu moja ndefu ikapigwa, na wanafunzi ndio walioshika vyombo.

Matunda yake ya kwanza yalikuwa Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Mwas, kijana wa kijijini anayeuza DVD huku akiwaigizia wateja wake vipande vya filamu, anakwenda Nairobi kutafuta nafasi jukwaani. Siku ya kwanza anaporwa, na kabla hajajua mji unakwendaje yumo korokoroni. Anajikuta ana maisha mawili: mchana mwigizaji, usiku mwizi wa vipuri vya magari. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban, na filamu hiyo ikawa ya kwanza kabisa kupelekwa na Kenya kushindania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Nyumbani watu walijaa katika kumbi za sinema za Nairobi kuitazama, jambo ambalo filamu ya Kenya haikuzoea. Tazameni miaka sasa. 2012 ni mwaka wa Cloud Atlas yenye dola zake milioni 100. Ni mwaka uleule wa filamu ya Seidl ya ufuo wetu. Na ni mwaka wa Nairobi Half Life. Ukinipa hizo tatu nichague moja ya kumwekea mwanangu, sitafikiri mara mbili.

Zikafuata nyingine. Judy Kibinge alitoa Something Necessary mwaka 2013, juu ya mama anayejaribu kuinua maisha yake baada ya fujo za uchaguzi, na juu ya kijana aliyeshiriki fujo hizo na sasa dhamiri inamsumbua. Simon Mukali alitoa Veve mwaka 2014, kisa cha miraa na siasa kule Maua. Mbithi Masya, ambaye wengi walimjua kama mwanamuziki wa Just a Band, alitoa Kati Kati mwaka 2016, mahali ambapo marehemu wanakaa wakisubiri kuikubali hali yao. Wahakiki wa kimataifa wakaipa tuzo yao Toronto. Mugambi Nthiga alitoa Lusala mwaka 2019.

Moja nimeiruka makusudi, kwa sababu nataka tukae nayo. Ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018, mwaka uleule Tykwer alipokuwa mwenyekiti wa majaji huko. Jo, msichana mdogo anayeigizwa na Stycie Waweru, ana ugonjwa usiopona. Anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake anamtoa hospitalini ili amalizie siku zake nyumbani, na dada yake anawashawishi wanakijiji wamfanye Jo aamini kwamba ana nguvu hizo. Mwishowe kijiji kizima kinaungana kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake. Ninaiona filamu hii kuwa kilele cha mradi mzima. Ndani yake yumo mtu tunayemjua sote: yule anayewaonyesha watoto filamu katika kibanda cha kijijini huku akiwatafsiria na kuongeza chumvi yake, kama DJ Afro anavyozisimulia filamu za ngumi kwa Kiswahili na wasikilizaji wakacheka kuliko waliozitengeneza walivyotarajia. Likarion Wainaina alikijua kibanda hicho, ndiyo maana alikionyesha kwa upendo. Mgeni angekipita bila kukiona.

Yapo ya kulaumu, na nikiyanyamazia nitakuwa sijatoa mhadhara. Sehemu kubwa ya pesa za kazi hii ilitoka Ujerumani, ikiwemo pesa ya serikali yao kupitia wizara ya ushirikiano wa maendeleo. Mwenye mfuko hata awe na nia njema kiasi gani, ndiye anayeamua muswada upi upite na upi usubiri. Wapo Wakenya waliouliza kwa nini filamu zinazopata fedha za Ulaya huwa na umaskini, wizi na damu. Swali hilo ni la haki. Nikilipima, naona mradi wenyewe ulilijibu kadiri ulivyokwenda: ulianza Kibera na wezi wa Nairobi, ukafika kwa marehemu wa Kati Kati na kwa mtoto Jo anayeruka angani. Lakini jawabu la kudumu ni pesa yetu wenyewe. Judy Kibinge aliliona hilo, akaanzisha Docubox, mfuko unaowasaidia watengenezaji wa filamu za hali halisi wa Afrika Mashariki. Hawa Essuman naye hakubaki kuwa mwanafunzi wa Mjerumani. Mwaka 2017 yeye na Anjali Nayar walitoa Silas, juu ya mwanaharakati wa Liberia anayepigania misitu ya nchi yake. Hapo ndipo ninapompima mwalimu, kwa wanafunzi wanaokwenda zao bila kumngoja.

Na sisi wa Pwani? Hesabuni mahali pa visa hivyo: Kibera, katikati ya Nairobi, Maua. Zamu yetu haijafika, na haitafika kwa kuingojea ije na ndege. Kila siku watu wanatupiga picha: minazi yetu, mchanga wetu, watoto wetu wakiogelea. Nani ametengeneza filamu juu ya kiwanda cha korosho cha Kilifi na familia zilizobaki bila kazi kilipofungwa? Nani amekiandika kisa cha mabaharia na wachuuzi waliokula kwa sababu ya feri ya Kilifi, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991? Mekatilili wa Menza aliwaamsha Wagiriama kwa ngoma ya kifudu mwaka 1913, akakamatwa akapelekwa mpaka Kisii, akatoroka na kurudi nyumbani kwa miguu, na mwaka 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti. Mwandishi gani wa Hollywood angekitunga kisa kikubwa kuliko hicho? Na yule kijana wa ufuoni ambaye Seidl alimwonyesha kwa nusu, nusu yake ya pili ni nani ataitoa ikiwa si aliyekua naye?

Tykwer alifundishwa na ukumbi mmoja wa sinema wa mtaani, na mtu mmoja aliyemwambia aandike ya nyumbani kwake. Hayo mawili hayahitaji milioni 100. Kwa hiyo nina maombi mawili. Wenye hoteli na nyumba kubwa za hapa Bofa, na wenzetu wa serikali ya kaunti mlioko hapa, toeni ukumbi mmoja, projekta moja na jioni moja kila wiki, filamu za Kenya zionyeshwe bure, tukianza na Supa Modo. Na nyinyi vijana, kila mmoja aandike kurasa kumi za kisa alichokiona kwa macho yake kati ya Mnarani na Malindi, kwa Kiswahili au Kigiriama, alete tuzisome pamoja. Mimi mwenyewe nitazisoma zote.